Laiti Angekuja Kwetu

Pennsylvania,
14 Januari 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limepunguza kelele. Mimi sijambo, ila usingizi ndio umekuwa adimu. Mwambie Baba Mdogo Dorsey kopo la jamu ya tufaha lilifika salama, na wenzangu wa bwenini wakalikomba kabla sijaonja vijiko vitatu. Najua simu huisikii hata nikipiga mayowe, na kile kifaa cha masikio umekitia kwenye droo ukasema kinapiga miluzi, basi naandika.

Kemia inaendelea kutuchinja. Tulianza watu mia mbili na kumi, sasa hatufiki mia na ishirini. Mwalimu amepanga alama kwa namna kwamba hata tukijua wote, lazima wengine waanguke, kwa hiyo hakuna anayemsaidia mwenzake. Juzi niliumwa, nikamwomba msichana mmoja daftari. Akaniambia limempotea, na huku limekaa mapajani mwake! Hao ndio wanaosomea kutibu watu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa tano kamati ya chuo itatuhoji sisi tunaotaka udaktari. Ni walimu watano. Ukiwapendeza, wanaandika barua moja ya kukusimamia, nayo inakwenda kwenye kila chuo cha udaktari utakachoomba. Usipowapendeza hawaandiki, na kila chuo kitajua kwamba hata kwenu umekataliwa. Ndiyo maana hapa wanajigamba kwamba kati ya watu wao kumi, tisa huwa madaktari. Waliozuiwa mlangoni hawahesabiwi.

Kamati inataka alama, inataka mtihani mkuu, na inataka saa hamsini za kumfuata daktari nyuma nyuma ukimtazama anavyofanya kazi, kisha daktari huyo akuandikie barua. Nimempata! Daktari Halvey wa zahanati ya Stoney Run amekubali, kwa hiyo nitakuja kwako wiki ya mapumziko, Machi.

Tena wanataka insha ya kueleza kwa nini unataka udaktari. Nimeandika habari za Babu. Mshauri wetu, Bi. Pruitt, aliisoma akasema, "Shelby, wewe umekalia dhahabu na ulikuwa hujui."

Mjukuu wako akupendaye,
Shelby


Stoney Run, West Virginia,
10 Februari 2024

Mke mwenzangu Shelby,

Marahaba. Goti linanipigia kelele, nami nalipigia kelele, tunaishi hivyo. Dorsey hajambo, ila amenunua dume la ng'ombe ambalo linamwogopa mbwa. Jumapili kanisani tulikuwa wengi, na Jumapili iliyotangulia pia. Barua yako ilinifikia wiki ileile uliyoituma. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya theluji.

Kuhusu Machi, usije. Barabara ni mbovu, na chumba chako nimekijaza viazi.

Tena huyo Halvey simtaki, na usiniulize kwa nini. Madaktari wamejaa dunia nzima, kamfuate mwingine. Hata yule wa mifugo anayemtibia Dorsey ng'ombe ana mikono mizuri na huwa anasikiliza. Kama kamati yenu haimtambui, basi ni kamati ya wajinga.

Na babu yako mwache alale.

Kula vizuri. Ukikonda zaidi upepo utakuchukua.

Bibi yako,
Iva Arbogast


Pennsylvania,
2 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Nilifika salama. Asante kwa kunipokea, ingawa hata sasa sijui kama nilipokewa. Siku tano ulinipikia maharage na mkate wa mahindi, ukaniwekea mbele yangu, ukatoka nje kwenda kuzungumza na kuku. Na chumbani hapakuwa na kiazi hata kimoja. Dorsey nilipomwuliza kulikoni alikuna kichwa tu, akasema, "Mambo ya mama usiyaingilie, utatoka bila nyusi."

Saa zangu hamsini zimetimia. Sijui una ugomvi gani na Daktari Halvey, lakini mimi nimeona mtu mpole. Anawauliza wagonjwa habari za mbwa wao kwa majina. Yule mzee Hoyt Sharp, ambaye hata chumvi haombi mezani, alicheka mbele yake. Nilitamani siku moja niwe hivyo.

Siku ya mwisho nilimpa insha yangu aisome. Aliisoma akiwa amesimama, akavua miwani, akajifuta macho. "Laiti angekuja kwetu," alisema. "Hiki ndicho kinachoniuma hapa, Shelby. Watu wenu wanakuja wakiwa wamekwisha chelewa." Kisha akanisahihishia mkato mmoja. Ameahidi kuiandikia kamati barua nzuri ya kunisimamia. Mimi sitaiona, kwa sababu kwa desturi yetu mwombaji hutia sahihi kwamba hatadai kusoma anachoandikiwa.

Nakuletea insha uisome, ili uache kununa. Ni ya kumheshimu Babu. Mwanzo wake ndio huu: "Babu yangu alikuwa mtu wa milimani, na watu wa milimani hawaendi kwa daktari. Aliumwa mgongo wiki tatu, akabembelezwa, akakataa. Alikufa jikoni ameshika ukingo wa meza, na kilichomuua ni ukaidi na kutojua. Nataka kuwa daktari ili niwafikie watu kama yeye."

Shelby


Stoney Run,
9 Aprili 2024

Shelby,

Hatujambo. Dorsey hajambo. Kuku hawajambo. Vitunguu pori vimeshaota na wanaume wa zimamoto wanavipika Jumamosi, kaunti nzima itanuka.

Insha yako nairudisha humu ndani. Utaona nilipokata kwa kalamu.

Kutojua! Nani hajui? Royce Arbogast alisoma gazeti kila siku ya maisha yake, hata matangazo. Ng'ombe wa bonde zima walizaa mikononi mwake. Aliijenga nyumba aliyozaliwa baba yako bila kumwuliza fundi neno moja. Leo mjukuu wake aliyembeba mabegani anamwuza kwa watu watano wasiomjua, ili wamwandikie barua. Nawe unaita heshima?

Futa. Andika habari za kitu kingine. Andika habari za kuku.

Iva Arbogast


Pennsylvania,
16 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Habari za nyumbani nimezipata. Za kwangu ni kwamba nililia siku mbili, na siku ya tatu nikakasirika, na leo bado nimekasirika.

Nani aliniambia kwamba Babu alikataa? Nilikuwa na miaka minane. Nilisimama jikoni kwako na gauni langu la kanisani, siku ya mazishi, ukamwambia mchungaji mbele yangu, "Nilimbembeleza, akakataa." Ukamwambia Dorsey. Ukawaambia wote walioleta vyakula. Na tangu hapo umeniambia mimi kila mwaka, kila nikikuuliza. Mimi sikubuni hata neno moja, Bibi. Niliandika ulichonilisha.

Kama kuna kosa, ni kosa la nani? Nakuomba unijibu, na usinitajie theluji. Kamati inakaa tarehe 20 Mei. Miaka mitatu sijalala kwa ajili ya siku hiyo moja.

Shelby


Stoney Run,
5 Mei 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba, na nisamehe kwamba safari hii sina habari za ng'ombe. Barua hii nimeianza mara nne. Tatu zimeingia kwenye jiko.

Wewe hukusema uongo. Mwongo ni mimi.

Babu yako alikwenda. Alikwenda mara tatu, nami ndiye niliyeendesha gari. Halvey alikuwa kijana, ana mwaka wa pili hapa. Mara ya kwanza alisimama mlangoni na karatasi zake, hata kiti hakuvuta. Royce akamwambia, "Daktari, mgongo unanipasua. Nipe chochote nipate kulala." Neno hilo ndilo lililomwangamiza. Mwaka ule, unajua, vidonge vya maumivu vilikuwa vimeimeza kaunti hii. Watu walivimeza, watu waliviuza kwenye maegesho ya duka, na kila aliyesema anaumwa alitazamwa kama mwizi. Halvey akatazama mikono ya Royce, mikono ile iliyochubuka kwa seng'enge, akamwuliza kama yeye humeza au huuza.

Mara ya pili dakika nne. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani.

Mara ya tatu hakupitishwa hata kaunta. Karani alisema kwa sauti iliyojaza chumba, "Daktari amesema hatuna vidonge vyako, Bwana Arbogast." Watu wa kanisani kwetu walikuwa wamekaa pale na magazeti yao, wote wakayainamia. Royce akavaa kofia. Ndani ya gari akaniambia, "Iva, usimwambie mtu kwamba tulikuja."

Siku mbili baadaye akafa. Mshipa mkubwa wa damu tumboni ulikuwa umevimba ukapasuka. Aliyempasua baada ya kufa aliniambia kwamba ulikuwa mkubwa kama ngumi, na kwa mtu mwembamba kama Royce ungeusikia unapiga kwa kuweka kiganja tu juu ya tumbo. Hakuna aliyeweka kiganja, Shelby. Mara tatu!

Nikalishika neno lake, kisha nikaongeza langu, nikasema alikataa. Hapa kwetu mtu mkaidi huheshimiwa. Mwombaji vidonge huzikwa na watu wachache. Niliona aibu, nikamchagulia mume wangu kifo cha sifa, na wale waliomwona pale zahanati wakaniacha niendelee. Wewe nawe ukakua ukiamini.

Karatasi tatu za zahanati alizotia sahihi Halvey ninazo. Hizi ni nakala. Soma alichoandika: "Anatafuta vidonge. Arudishwe nyumbani." Na bwana huyo anasimama mbele yako, anafuta macho, anasema laiti angekuja kwao!

Iva


Pennsylvania,
24 Mei 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Sijui nianze na salamu gani. Nimepokea karatasi. Nilizisoma kwenye ngazi za maktaba, na mtu akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Jumamosi ya tarehe 11 nilikuja Stoney Run. Nilipita mbele ya nyumba yako mara mbili na sikusimama. Ulikuwa umeinama bustanini, umenipa mgongo. Nilijua nikikuona nitalia, na nilitaka kufika zahanati nikiwa na macho makavu. Nisamehe.

Halvey alinikaribisha kwa furaha. Nikamwekea karatasi mezani, moja moja. Alizisoma kwa muda mrefu.

"Ni sahihi yangu," akasema.

"Ni babu yangu. Ndiye wa kwenye insha."

"Shelby, Arbogast ni wengi mno hapa." Akazisoma tena. "Sikumbuki. Mungu ni shahidi, simkumbuki kabisa."

Bibi, nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Njia nzima nilijiandaa akane, nimshinde. Hakukana. Hakumbuki tu! Mara tatu katika wiki tatu, mtu mrefu mwenye kofia na mke pembeni, na kichwani mwake hakuna hata kivuli chake. Nilitamani angalau angekuwa amekosa usingizi.

"Mwaka ule walikuja kumi kwa siku," akasema. "Tungewajuaje?"

"Kwa kuwapima. Wangapi walikuwa wanaumwa kweli?"

Akazisukuma karatasi upande wangu. Kisha akaniambia kwa ile sauti yake ya upole, "Barua yangu ya kukusifu nimeshaituma. Ni nzuri sana. Usiiharibu kwa hasira."

"Iondoe," nikamwambia.

"Utakosa barua ya daktari. Watakuangusha."

"Iondoe, Daktari."

Akaiondoa. Kwa hilo nampa haki yake.

Niliandika insha upya, nikaweka jina kamili la Babu na siku zote tatu. Bi. Pruitt alishika kichwa. "Mpenzi wangu, unafikiri insha hizi zinasomwa na nani? Na madaktari! Mtu habishi hodi huku anamtukana mwenye nyumba. Rudisha ile ya kwanza. Babu yako ameshakufa, haitamuumiza." Alisema hivyo kwa mapenzi, na akanisogezea sahani ya biskuti. Nilikataa biskuti.

Mbele ya kamati mmoja wao aliniuliza, "Je, una hasira na madaktari?" Nikajibu ndiyo. Akauliza kama si hatari mtu mwenye hasira kuwa daktari. Nikamwambia yule aliyemrudisha babu yangu nyumbani hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa ametulia kabisa. Wote watano waliandika kitu kwa wakati mmoja.

Jana majibu yalikuja. Mwaka huu hawataniandikia. Wanasema sina barua ya daktari, na kwamba nahitaji muda wa "kukomaa". Yule msichana wa daftari wamemwandikia.

Mtu wa magari ya wagonjwa wa kaunti ameniambia kuna nafasi ya kazi huko kwetu, nikipata cheti cha huduma ya kwanza. Nitarudi nyumbani. Mengine sijui. Miaka mitatu nimesema nataka kuwa daktari, na sasa sijui kama bado nataka kuwa mmoja wao.

Shelby


Stoney Run,
17 Juni 2024

Mke mwenzangu,

Marahaba mara mia. Kwa kupita mbele ya nyumba yangu mara mbili bila kusimama utachapwa ukifika, mtu mzima hivyohivyo. Dorsey ameshapaka chumba chako rangi. Ni mbaya, lakini usimwambie.

Kukomaa! Maboga ndiyo hukomaa. Hao watano walitaka umkubali aliyekukanyagia babu yako, umshukuru kwa barua nzuri, halafu ndiyo uitwe mtu mzima. Niliisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaenda kugombana na kuku kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine.

Ila hasira ikanigeukia mimi. Wewe umesema kweli mbele ya wageni, ikakugharimu. Mimi miaka kumi na mitatu nimekaa na uongo katikati ya watu wangu na haujanigharimu hata kikombe cha sukari.

Jumapili iliyopita, wakati wa ushuhuda, mchungaji aliuliza nani ana neno. Nikasimama. Goti lililia, kanisa zima likasikia. Nikasema, "Niliwaambia Royce alikataa kwenda kwa daktari. Nilidanganya. Alikwenda mara tatu, wakamwita mwombaji vidonge, wakamrudisha, akafa. Na baadhi yenu mlikuwepo." Nikakaa. Nilitegemea waimbe upesi ili wayafunike maneno yangu.

Hawakuimba. Twila Vandevender akasimama upande wa piano. Akasema, "Ray wangu naye alikwenda." Ray mumewe, ambaye sote tuliambiwa alianguka tu ghalani! Kisha Hoyt Sharp akasimama, yule asiyeomba chumvi. Akasema neno moja, "Mary," jina la marehemu mkewe, akashindwa, akakaa. Nyuma yake Opal Nottingham, kuhusu mumewe. Halafu mwingine, halafu mwingine. Saba, Shelby. Saba katika kanisa lenye mabenchi kumi na sita. Kila nyumba ilikuwa imefungia aibu yake peke yake, kila mmoja anasema wa kwake alikataa, na sisi wenyewe ndio tuliowaandikia wale madaktari kisingizio chao. Mchungaji aliketi kwenye ngazi za madhabahu akajishika uso. Alikuwa miongoni mwa wale walioinamia magazeti.

Mchana walikuja kwangu, hakuna aliyewaalika. Wengine walikuja na karatasi za zahanati, nao walikuwa wamezitunza. Wanataka ziandikwe vizuri zipelekwe kwa wakubwa wa leseni za madaktari, na wanasema mwandishi ni wewe. Nimewaambia utaandika, bila kukuuliza. Ndiyo faida ya kuwa bibi.

Usiniambie hujui kama unataka. Omba tena mwakani, na mwaka unaofuata, na hiyo hasira waingilie nayo mlangoni. Wenye upole wapo wa kutosha.

Walipoondoka Opal alibaki kunisaidia vyombo. Akaniuliza, "Shelby wako atamaliza lini?" Nikamwambia tukihesabu yote, miaka minane. "Basi nitasubiri," akasema. Nikamwuliza anasubiri nini. Akashusha soksi. Ana kidonda juu ya kifundo cha mguu, kipana kama kifuniko cha kopo, tangu mwaka juzi, na hajamwonesha mtu, kwa sababu tangu mumewe aitwe mwizi wa vidonge hajakanyaga kwa daktari yeyote.

Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka. Nimemwambia hakuna kusubiri mtu. Alhamisi Dorsey anatupeleka mjini Elkins, kwa daktari mwingine. Nitaingia naye mpaka chumba cha ndani, nitakaa kwenye kiti chao, na huyo daktari asipoushika ule mguu kwa mkono wake mwenyewe, hatutoki.

Bibi yako,
Iva Arbogast